Mtu Niliyemsevu Akiwa Hewani

Siwapendi watu wanaocheza magemu ya zamani kwa kusevu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa aina gani. Unamkuta mtu mzima, ndevu zimemjaa, anapiga hatua mbili anasevu, anaruka shimo anasevu, akikosea anairudisha sevu yake kana kwamba hapakutokea kitu, halafu anakuja kukuambia ameliweza gemu lililotutoa machozi utotoni. Hujaliweza, bwana. Umelisumbua mpaka likachoka.

Maneno hayo niliyasema mara nyingi chumbani kwetu Al Mansoura, Doha, na kila nilipoyasema nilionekana mtu wa msimamo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa rafiki yangu asije akafika mwisho wa gemu moja, kwa sababu mimi niliwahi kudai nimefika, na sikufika.

Tulikuwa wanne chumbani. Mimi nilikuwa mlinzi kwenye jengo refu kule Lusail, kazi ya kusimama juu ya marumaru na kuwafungulia mlango watu wasiokutazama usoni. Mkenya mmoja alikuwa mlinzi pia, ila wa madukani. Mzanzibari mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alikuwa mpishi wa hoteli. Wa nne ndiye huyu ninayemwandika: tulikua mtaa mmoja Morogoro, mimi nikimzidi miaka miwili, na pale Doha alikuwa dobi wa hoteli, mtu wa kukunja mashuka tangu alfajiri hadi alasiri. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Mimi ndiye niliyemtafutia nafasi ile, na kwa muda mrefu nilidhani huo ndio wema mkubwa niliowahi kumfanyia mtu.

Siku moja alirudi kutoka madukani Najma na kidude cha Kichina, kidogo kama kipande cha sabuni. Unakichomeka nyuma ya televisheni, unaunganisha padi mbili za kuchezea, na ndani yake kuna mamia ya magemu ya zamani. Hakuvua hata viatu. Alipitisha orodha ndefu, jina baada ya jina, kisha akasimama na kunigeukia.

"Kaka," akasema, "Mnara upo."

Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa. Ilinipalia.

Lazima nieleze Mnara ni nini. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu nyuma ya mashine ya kusaga, ukitoka humo una unga masikioni. Kulikuwa na televisheni moja, mashine moja ya kaseti, na benchi moja. Sheria pia ilikuwa moja: ukifa, unatoa padi. Hakuna kuomba, hakuna kusema "ngoja kidogo", hakuna machozi. Umekufa, mpishe mwenzako. Watoto waliowashinda walimu wao kwa ukaidi walikuwa wanakufa pale na kutoa padi bila kuambiwa.

Gemu kubwa lilikuwa Mnara. Jina hilo tulilitunga sisi, maana jina lake halisi lilikuwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Kijitu chenye kilemba chekundu kinapanda mnara wa ghorofa nane. Ngazi zinatoweka ukizikanyaga kwa muda mrefu, popo wanakuja watatu watatu, na una roho tatu tu. Zikiisha, unarudi chini kabisa ukaanze upya. Umeme ukikatika, nao pia unakurudisha chini, na Morogoro ya siku zile umeme ulikuwa unakatika kama unalipwa. Hakuna mtoto aliyekuwa amepita ghorofa ya sita. Mimi nikapita.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo, mchana, wengine wote wamekwenda kula makwao. Kibandani tulibaki mimi, huyu rafiki yangu, na mwenye kibanda aliyesinzia mlangoni. Nilikuwa ghorofa ya saba na roho moja iliyobaki. Mama yake akamwita rafiki yangu. Hakuitika. Akaita tena, hakuitika. Mara ya tatu aliita kwa sauti ambayo mtoto yeyote wa mtaani kwetu alijua haina ya nne, na yule bwana mdogo akainuka huku bado anatazama televisheni.

"Nisubiri," akaniambia.

Ningemsubirije? Kitufe cha kusimamisha gemu kilikuwa kimeng'oka zamani. Nikapanda ghorofa ya nane peke yangu, shati limenigandia mgongoni, na mlango wa mwisho nikauona kwa macho yangu. Ulikuwa wa kahawia, na juu yake pana taa. Hatua tatu kabla ya kuufikia, ngazi ikatoweka nikiwa bado juu yake. Nikaanguka. Yakatokea yale maandishi yao, halafu kijitu kikasimama tena chini kabisa ya mnara, kizima, kinanisubiri.

Ndipo akarudi mbio, anahema. "Vipi?"

"Nimemaliza," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka, linadai chakula. Akaniuliza mwisho ukoje. Nilikuwa na njaa, basi nikamwambia mlango unafunguka, ndani kuna bibi kizee anapika, ni bibi yake kile kijitu, anampakulia, wanakula wote wawili, kisha taa zinazimika. Akaniuliza wanakula nini. Nikamwambia haionekani vizuri.

Kuanzia siku ile nikawa bingwa wa mtaa. Mimi sikulazimika kuutetea uongo wangu hata mara moja, kwa sababu yeye aliutetea kwa niaba yangu. Alikuwa anasema, "Nilikuwepo," na kwa kweli alikuwepo mpaka ghorofa ya saba. Mtoto mmoja wa mtaa wa pili alipombishia kwamba hakuna bibi yeyote mle, walipigana mpaka jino la mbele likamtoka rafiki yangu. La utu uzima, siyo la utoto. Pengo lile analo mpaka leo, na mimi nimeishi naye chumba kimoja nikiliona kila anapocheka.

Sasa mtu huyo amepiga magoti mbele ya televisheni, Doha, anatafuta waya.

Wiki yake ya kwanza chumbani alikuwa amekwisha kuwasimulia wenzetu habari za bingwa, mnara na bibi. Kwa hiyo gemu lilipowaka, wote wawili walinigeukia mimi.

"Champion mwenyewe si huyu?" Mkenya akasema. "Hebu shika pad, buda. Tuone hiyo kitu."

Nikashika. Nilikufa ghorofa ya pili. Nikasema padi hizi za Kichina vitufe vyake ni vigumu. Nikacheza tena, nikafa ghorofa ya kwanza, kwenye popo ambao nilikuwa nawapita nikiwa na miaka kumi na mbili huku natafuna muwa. Nikasema televisheni inachelewesha picha. Mkenya alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu.

"Vidole vimezeeka," rafiki yangu akaniombea radhi. Kisha akasema neno lililoniharibia mwezi mzima. "Si kitu, kaka. Hiki kina sevu. Nitafika mwenyewe, polepole. Nataka kumwona yule bibi."

Kile kidude kilikuwa na nafasi moja ya kusevu kwa kila gemu. Unabana vitufe viwili kwa pamoja, na pale uliposimama panabaki. Ukifa, unabana vingine viwili, unarudi palepale. Ukisevu upya, sevu ya zamani inafutika. Rafiki yangu alijifunza hilo kwa dakika tano, na kutoka hapo akawa anapanda mnara kama anavyokunja mashuka, pembe kwa pembe, bila haraka. Ngazi moja, anasevu. Popo watatu, anasevu. Ghorofa iliyotutoa machozi mwaka mzima kule kibandani aliimaliza kati ya sala ya alasiri na magharibi.

Nilianza kumchukia. Sitafuti neno la kupunguza. Nilichukia mlio mdogo uliosikika kila aliposevu, nilichukia kisogo chake, nilichukia hata namna alivyokunja miguu kwenye zulia. Nikiwa kazini Lusail nilikuwa nawafungulia watu mlango huku nahesabu moyoni kwamba sasa amefika ya nne, sasa ya tano. Mama mmoja aliniuliza mbona nimekunja uso namna ile, nikamwambia jua, wakati tulikuwa ndani kwenye ubaridi wa kutetemesha meno.

Kwa kuwa sikuweza kusema ninachoogopa, nikatafuta hoja ya heshima, na sheria ya kibanda ikanipa. Ukifa, unatoa padi. Huyu hafi. Asiyekufa hatoi padi, na asiyetoa padi amewadhulumu wenzake. Nikaipeleka kesi hiyo kwa Mzanzibari siku ya Ijumaa, wakati anapepeta mchele, nikiamini kwamba mtu mzima wa mambo ya dini atasimama upande wa haki.

"Mimi na wewe hatuchezi," nikamwambia, "lakini Mkenya anataka kucheza mpira wake. Televisheni ni ya wote. Mtu anashika padi tangu asubuhi kwa sababu amekataa kufa!"

"Na wewe wataka afe?" akaniuliza.

"Nataka haki."

"Kidude chake, na Ijumaa ndo mapumziko yake. Muwache acheze. Hicho kijitu kimekukosea nini wewe, hata kikakuchoma hivyo?" Akanitazama kidogo, akarudi kwenye mchele wake. "Mtu akishashinda kitu hakionei kijicho. Wewe ulokwisha kumaliza, ndo ulopaswa kumfundisha."

Nikaenda kumchochea Mkenya, ila Mkenya alikuwa amekwisha kunaswa naye, amekaa pembeni ya rafiki yangu anampigia kelele aruke. Wote watatu sasa walikuwa wanamsubiri bibi.

Alipofika ghorofa ya saba alisevu, akanyoosha mgongo, akasema Ijumaa ijayo Mungu akipenda tutaula wote mwisho wa mnara. Alisema "tutaula" kwa furaha. Akanipiga begani na kuniambia, "Utauona tena, kaka, baada ya miaka yote hii." Mtu ananiahidi kunifurahisha, na mimi nasikia jasho linanitoka.

Ijumaa niliingia kazini jioni tu; mapumziko yangu kamili yalikuwa Jumatano. Wenzangu wote waliondoka alfajiri, chumba kikabaki na mngurumo wa kiyoyozi peke yake. Nilifua, nikapika, nikakaa. Nilimpigia mke wangu Morogoro, hakupokea. Nikawasha televisheni, nikijiambia natazama tu.

Nilikirudisha kijitu pale alipokisevu, kwenye ukingo wa ghorofa ya saba, na roho tatu kamili. Tatu! Mimi nilifika pale na moja. Nikakirusha shimoni kile kijitu cha watu mara ya kwanza, roho ya kwanza ikaenda. Nikakirusha tena, ya pili ikaenda. Ikabaki moja. Nikasogea ukingoni, nikaruka mbele ambako hakuna ngazi, na kijitu kilipokuwa hewani, kimeshaondoka ukingoni lakini hakijafika chini, nikabana vile vitufe viwili. Ule mlio mdogo ukasikika.

Nikajaribu. Ukirudisha sevu, kijitu kipo hewani, kinaanguka, kinakufa, na kwa kuwa ni roho ya mwisho, gemu linakupeleka chini kabisa. Ukirudisha tena, kinaanguka tena. Hakuna kitufe cha kukiokoa. Nilirudia mara nne au tano kuhakikisha. Sikusikia aibu. Nilisikia njaa, nikala wali wote uliobaki, nikalala usingizi mzuri.

Ijumaa tulitoka msikitini, Mzanzibari akatandika chakula, na Mkenya, ambaye Ijumaa haimhusu kwa ibada, alikuwa amekwisha kuwasha kila kitu na kukaa mkao wa kula. Rafiki yangu akashika padi, akairudisha sevu yake. Kijitu kikaanguka.

Akadhani amekosea kitufe. Akarudisha. Kikaanguka. Akarudisha mara nyingi, na kila mara kilianguka vilevile, kilemba chake kimeinuka kwa upepo. Mkenya akasema neno moja la kwao ambalo halifai kuandikwa.

"Ni nini hii? Si ulikuwa kwa corner ile, umesimama fiti?"

Rafiki yangu akafungua ukurasa wa sevu, akautazama kwa muda, akaufunga. Nilikuwa nimekaa kitandani nyuma yake, nimeshika sahani, tonge limesimama mdomoni.

"Ni mimi mwenyewe," akasema. "Nilisevu vibaya. Kidole kiliteleza."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Ndiyo sevu hizo. Sisi zamani tulikuwa tunakufa kiume, tunatoa padi, tunakwenda nyumbani." Mkenya akaniambia niwache kumwongezea mwenzangu chumvi kwenye kidonda. Rafiki yangu hakugeuka. Alibana kitufe cha kuanza, kijitu kikasimama chini ya mnara, ghorofa ya kwanza, na akaanza kupanda.

Alipanda wiki mbili. Sasa hakuwa anacheza mbele ya watu sana. Alicheza akitoka kazini, kimya, na akimaliza alikuwa anachomoa kile kidude na kukiweka mfukoni mwa suruali ya kazi. Nilidhani anaona aibu kwa kidole chake kilichoteleza. Nilimwambia hata siku moja, kwa sauti ya kaka mkubwa, kwamba mtu hapaswi kujitesa kwa mchezo wa watoto. Akasema, "Kweli, kaka," akaendelea.

Kisha mudiri wake, msimamizi wa kule hotelini, akambadilishia mapumziko kuwa Jumatatu. Jumatatu hiyo sisi watatu wengine tulikuwa zamu ya mchana. Saa saba hivi, nimesimama kwenye marumaru yangu Lusail, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa ameandika kwenye kundi letu la chumba: "Nipo ya nane. Naona mlango." Mkenya akajibu kwa makofi mengi. Mzanzibari akajibu, "Msalimie bibi."

Baada ya hapo hakuandika tena.

Nilisimama pale mpaka jioni. Nilijaribu kutunga maneno. Nilifikiri kusema kwamba kaseti yetu ilikuwa tofauti, kwamba zamani kulikuwa na kaseti za aina mbili, moja ina bibi na nyingine haina. Uongo wa kwanza nilikuwa na miaka kumi na mbili, ulikuja wenyewe. Huu ulikuwa hauji. Njiani kurudi nilimchukia kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa na haki ya kuniuliza kitu na mimi sikuwa na haki ya kukasirika.

Nilipoingia, wote watatu walikuwapo. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mzanzibari alikuwa anavua soksi, na Mkenya, kabla sijafunga mlango, akauliza kile ambacho inaonekana alikuwa anakingoja mimi nifike ndipo kijibiwe.

"Sasa tumejaa. Sema. Huyo nyanya yuko ama hayuko?"

Rafiki yangu alikuwa ameegemea ukuta. Aliwatazama wao, hakunitazama mimi.

"Yupo," akasema. "Kama alivyosimulia. Mlango unafunguka, bibi anapika, anampakulia, wanakula. Kitu kimoja tu hakukisema. Bibi anamnawisha mikono kwanza. Anashika birika, anamnawisha, ndipo anapakua."

Mzanzibari akasema mashallah, hao waliotengeneza walikuwa na adabu. Mkenya akaruka, akataka kuona, akaenda kuwasha televisheni. Rafiki yangu akamwambia asijisumbue.

"Sikusevu," akasema. "Iliisha, nikazima."

"Wewe? Usisevu? Wewe ambaye hata ukienda choo unasave?"

"Nilisahau."

Wakamcheka, wakamzomea, wakamwambia mnara wote huo ameupanda bure. Naye akacheka nao. Mimi nilikaa kitandani na viatu miguuni. Mtu aliyesevu kila ngazi, aliyeanza mara mbili, asahau kusevu mwisho? Hata mtoto asingelimeza hilo. Lakini ile birika ilinikwama. Sikuwa nimeitunga mimi birika. Ama mle ndani kweli kuna bibi, na nilibahatisha ukweli kwa sababu ya njaa, ama rafiki yangu alikuwa mwongo mzuri kuliko mimi. Nilishindwa kujua, na nilishindwa kumuuliza, kwa kuwa kuuliza ni kukiri.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne nilimfuata juu ya paa alikokuwa anaanika nguo. Jua lilikuwa linapiga, nguo zake mbili za mwanzo zilikuwa zimekauka kabla hajaanika ya mwisho. Nilikwenda na hasira, siyo na toba. Nilitaka anigombeze yaishe.

"Kwa nini hukusevu?" nikamuuliza.

"Ungetaka nisevu?"

Akakung'uta shati, akalibana kwenye kamba.

"Ile ya kibandani," akasema, "wala hainiumi. Ulikuwa mtoto. Mimi pia ningesema nimemaliza. Nilipoona mwisho Jumatatu nilikaa pale nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka."

Nikahema. Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kusema kitu, sijui nilitaka kusema nini, labda asante. Akaniinulia mkono nisubiri.

"Kile kidude, kaka, kikisevu kinaandika siku na saa. Nilikiwekea saa mwenyewe siku niliyokinunua. Ile sevu ya kijitu hewani iliandikwa Jumatano, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Saa hiyo mimi nilikuwa hotelini nakunja mashuka." Akabana pindo la mwisho la shati. "Niliiona palepale, Ijumaa ile, wote mmekaa nyuma yangu. Nikasema ni kidole changu. Kibandani ulikuwa mtoto. Jumatano ulikuwa na ndevu."

Nilitazama chini. Kwenye sakafu ya paa maji ya nguo yalikuwa yanadondoka na kukauka. Nilikuwa na maneno mengi ya mtu mkubwa, ya kaka, ya aliyemtafutia mwenzake kitanda, na hakuna hata moja lililofaa. Akaokota beseni lake, akalitia kwapani, akaanza kwenda kwenye ngazi. Nikamwita. Aibu yote ile ilikuwa imenijaa, lakini kilichonitoka mdomoni ni kitu kingine, na nadhani ndicho kitu pekee nilichowahi kumuuliza nikiwa nataka kweli kujua.

"Mwisho wenyewe ukoje?"

Alisimama kwenye ngazi ya kwanza, akanigeukia.

"Cheza," akasema. "Si kuna sevu?"

Akashuka na beseni lake.